Miji Aliyoijua kwa Sikio

Wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alinunua begi la magurudumu, rangi ya zambarau, na mtaa mzima ukapata la kusema. Jirani yake wa mkono wa kushoto, mwanamke ambaye kwake kwenda sokoni na kurudi ni safari ya kuaga watu, alisimama kwenye uzio akamkumbusha kwamba mtembezi hula miguu yake. Naye akajibu, bila kuacha kupangusa vumbi kwenye begi, kwamba miguu ni yake mwenyewe, akiila hajamwibia mtu.

Ukitaka kumwelewa mama huyu na begi lake, anza na kiti. Alikalia kiti kimoja ujana wake wote: cha mbao, mgongo mfupi, na mto alioushona mwenyewe kwa vitambaa vya magauni yaliyochakaa. Alikuwa opereta wa simu katika kituo kikuu. Siku hizi simu inalala na mtu kitandani, kwa hiyo watoto hawaamini ukiwaeleza kwamba zamani mtu akitaka kusema na mjomba wake wa mji wa mbali, ilibidi apite kwanza mikononi mwa mwanamke aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu. Kila tundu lilikuwa mji. Mwanamke huyo alishika waya wenye kichwa cha shaba, akauchomeka tunduni, akamwita mwenzake wa upande wa pili, wakaunganisha, na mjomba akapatikana akipiga kelele kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

Basi nchi nzima ilipita kwenye sikio lake la kushoto, naye hakuwahi kuiona. Alijua kwamba Bandari kuna joto, maana opereta wa huko alizungumza huku akihema. Alijua kengele ya zamu ya Mgodini, na alijua kwamba Mpakani wana jogoo asiye na adabu, anayewika adhuhuri watu wakiwa na njaa. Marehemu mumewe, fundi seremala aliyependa utani kuliko chakula, alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu huyu amezurura nchi nzima na hajachafua viatu." Wageni walicheka, na yeye alicheka nao, lakini maneno hayo yalimkaa rohoni. Siku moja, alijiambia, nitavichafua.

Kazini hakuna aliyeitwa kwa jina la kwao. Kila kituo kilikuwa na jina fupi, na opereta aliyekikalia alilivaa jina hilo kama sare. Yeye alikuwa Kati, kwa sababu laini zote zilikutana kwake. "Kati, nipe Mgodini." "Bandari, Kati hapa, pokea." Jina lilimganda hata likamfuata nyumbani, na kitindamimba wake, binti mwenye duka la dawa na ulimi mkali kuliko dawa zake, alimwita Kati kila alipotaka kumchokoza.

Kupiga soga kwenye laini kulikatazwa. Msimamizi wao alivaa viatu vya soli ya mpira makusudi ili awanyatie, na Mungu amrehemu, kwa kunyata hakuwa na mpinzani. Lakini wanawake wawili wakitaka kuzungumza, hata ukuta hauwezi kuwazuia. Kwa Mlimani mvua ilinyesha sana, na mvua ikinyesha laini ilijaa mikwaruzo, sauti ikamezwa. Ila mgongo wa kalamu ukigongwa kwenye kinywa cha simu ulisikika vizuri kabisa. Kwa hiyo Kati na Mlimani wakawa na mtindo wao. Kugonga mara moja ilikuwa ndiyo. Mara mbili, hapana. Mara tatu maana yake viatu vya mpira vimefika, jifanye tuko kazini. Zikigongwa tatu, hata kama mtu alikuwa katikati ya kumsema mama mkwe wake, alibadilisha sauti palepale akatoa ile ya serikali: "Laini zote zina kazi, tafadhali subiri."

Mlimani alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, sauti ya mtu ambaye ametoka kucheka sasa hivi. Hawakuwahi kuonana. Kati alimjua mtoto wake wa kwanza kabla hajazaliwa, akajua alivyokataa kunyonya, alivyoota meno, alivyofeli hesabu na alivyooa. Mlimani naye alijua kabati gani seremala aliahidi kulitengeneza na hakulitengeneza. Maneno yao yalikuwa ya vipande vipande, dakika hapa, nusu dakika pale, kati ya mteja na mteja. Ukiviunganisha vipande vile vyote hupati hata wiki moja ya kukaa pamoja. Lakini hakuna mtu aliyemjua Kati kuliko yeye.

Kuna siku moja ambayo Kati hakuisimulia ovyo. Mama yake mzazi alifariki, na kaka yake akapiga simu kutoka kijijini. Laini za kaskazini zote zilipita kwa Mlimani, kwa hiyo Mlimani ndiye aliyeisikia habari kwanza. Hakuirusha tu. Alisema, "Kati, weka nyaya chini. Kaa vizuri. Kuna mtu wako hapa, na habari yake nzito. Mimi nipo, siondoki." Kati alipokwisha kuzungumza na kaka yake, hakuweza kushika kitu. Akabaki na visikilizio masikioni, machozi yakimdondoka juu ya meza ya kazi, na kwenye laini akamsikia Mlimani akiwajibu wateja wa kaskazini mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya serikali: "Laini zote zina kazi, tafadhali subiri." Hapakuwa na laini yenye kazi hata moja. Mwanamke yule alizuia nusu ya nchi ili rafiki yake apate kulia.

Kisha ikaja mitambo ya kujiendesha. Watu waliambiwa kwamba sasa kila mtu atazungusha namba mwenyewe, na ubao ukawa takataka. Siku ya mwisho mafundi waliingia nyuma ya ubao na koleo zao, wakaanza kukata nyaya, huku mbele maopereta wakiagana harakaharaka. Bandari aliimba kidogo, vibaya. Mgodini alilia. Mlimani akasema, "Kati, nisikilize. Nina neno nimelibeba siku nyingi. Hizi simu zikishakufa, wewe uta—"

Kimya. Nyuma ya ubao fundi akatoa kichwa. "Samahani mama, na hiyo nayo imeshakwenda."

Utafanya nini? Utanisahau? Utaniandikia? Kati alilimaliza neno lile kwa namna mia moja, na kila namna ilimuuma. Waliohamishwa walihamishwa, yeye alipelekwa dirishani kuuza stempu. Aliandika barua kwenda kituo cha Mlimani, kwa opereta wa zamu ya mchana, maana jina lake la kwao hakuwahi kulijua. Barua ikarudi na mhuri: kituo kimefungwa. Baadaye seremala akaanza kuugua kifua, watoto wakataka ada, nyumba ikataka bati. Mtu akisema maisha yalimshika, asikuongopee. Maisha humshika kila mtu. Lakini haya ya Kati yalimshika sawasawa, na yalipomwachia alikuwa mjane mwenye mvi, na begi la zambarau.

Orodha ya safari zake haikuandikwa popote. Vidole vyake vilikumbuka. Alikaa mezani, akafumba macho, akanyoosha mkono mbele kama mtu anayechomeka waya hewani, na miji ikaja kwa mpangilio wa matundu: safu ya juu kutoka kushoto, halafu safu ya pili, halafu ya chini. Bandari. Mgodini. Mpakani. Ziwani. Na kuendelea.

"Si uanze na Mlimani?" binti yake aliuliza. "Tangu nizaliwe ndiye ninayesikia habari zake. Mlimani alisema hivi, Mlimani alisema vile. Baba alikuwa anaona wivu."

"Utaratibu ni utaratibu. Nakwenda kwa mpangilio wa ubao."

"Na Mlimani ilikuwa tundu la ngapi?"

"La mwisho."

Alidanganya. Tundu la Mlimani lilikuwa safu ya pili, karibu na mkono wake, mahali ambapo angeweza kulifikia bila kutazama. Yeye ndiye aliyelihamishia mwisho. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kula mboga kwanza na kuacha kipande cha nyama pembeni ya sahani, akikitazama, akikilinda, hata ndugu zake wakawa wanamnyang'anya. Hakujifunza. Na chini ya tabia hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukisema kwa binti yake: aliogopa. Aliogopa kumkuta amekufa. Aliogopa zaidi kumkuta mzima, kisha mwenzake amkazie macho na kumuuliza, wewe nani?

Subira yavuta heri, akajiambia, akapanda basi kwenda Bandari.

Bandari alimpata kwa kuuliza maduka mawili tu. Kwa sauti yake nzito kama ngoma, Kati alikuwa amemjenga kichwani mwanamume mrefu, mabega mapana, masharubu. Aliyetoka kumlaki alikuwa kababu kadogo, kipara king'aavu, aproni imemfika miguuni, anachonga funguo kwenye kibanda. Walitazamana kwa mshangao wa kweli, mdomo wazi.

"Wewe ndiye Kati?" Bandari akasema, na ile ngoma ikatoka kifuani mwa kale kamwili, hata Kati akageuka kutafuta nani anazungumza. "Hasha! Kati alikuwa jimama! Kicheko kile kinatokea wapi hapo?"

"Na wewe masharubu yako yako wapi?"

"Masharubu gani? Sijawahi kuwa nayo!"

Walicheka mpaka mteja akaondoka bila ufunguo. Bandari akafunga kibanda, wakakaa kwenye benchi, wakala mkate na chai, wakataja majina ya watu waliokufa. Jioni akamwonyesha kilipokuwa kituo. Palikuwa na duka la fanicha. Mahali pa ubao palisimama kabati la vioo lenye vikombe visivyouzwa, na Kati akalitazama kabati lile muda mrefu, akajikuta analia mbele ya muuzaji aliyedhani mama wa watu ameshindwa bei.

Safari ile ilimlewesha. Kutembea bure si kukaa bure, akamwambia jirani wa uzioni, na akampa kombe la baharini alilomletea. Vumbi la Bandari hakulifuta kwenye viatu; aliviweka sebuleni hivyohivyo, chini ya picha ya seremala, ili naye aone.

Mgodini hakumkuta. Mpwa wake alimwonyesha picha ukutani: mwanamke mwenye miwani, anatabasamu kama anayeombwa msamaha. Alikuwa amezikwa muda si mrefu. "Angefurahi sana kukuona, shangazi," yule mpwa alisema. "Alikuwa anakutaja." Kati alisimama makaburini akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kengele ya zamu ikalia kule mgodini, ileile, na Mgodini mwenyewe hakuwepo wa kusema, haya Kati, nakuacha, laini zinakuja.

Mwenye akili angetoka pale makaburini moja kwa moja mpaka stendi, akakata tiketi ya Mlimani. Binti yake alimwambia hivyo hivyo.

"Mama, umeona. Watu wanaondoka. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

"Nitakwenda. Nyama haikimbii sahani."

"Nyama inapoa, mama. Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akaenda Mpakani. Binti alimpa vidonge vyake kwa simu, akavimeza bila maji. Opereta wa Mpakani alikuwa amehama zamani, hakuna aliyejua wapi, lakini Kati alikaa huko siku kadhaa akijifanya anapumzika. Alimkuta jogoo, si yule, labda kitukuu chake, anawika adhuhuri kama walivyokuwa wakiwika wahenga wake. Alimpiga picha. Alirudi nyumbani na picha za jogoo, na binti akaziangalia zote, moja baada ya nyingine. Kisha goti likavimba. Kisha zikaja mvua. Kisha akaenda Ziwani, akarudi na mafua. Na kila tundu lilipokwisha, alijikuta anakumbuka lingine dogo ambalo alilisahau, kituo cha shamba lenye simu moja, stesheni yenye simu mbovu, na lazima kwanza aende huko.

Siku moja alikuta tiketi mezani, imewekwa chini ya kikombe chake cha chai. Mlimani, kesho asubuhi. Binti alikuwa amesimama mlangoni na funguo za duka mkononi.

"Matundu yamekwisha," alisema. "Nimehesabu. Hata ile stesheni umekwenda. Mama, unaogopa nini?"

Kati alitaka kusema haogopi kitu. Badala yake akasema, "Kwamba hatanijua."

Binti akaja akakaa karibu yake, akamshika bega. Akikusema husema sana, lakini siku hiyo alisema kidogo tu. "Basi mjulishe," alisema.

Barabara ya kwenda Mlimani hupanda ikijikunja, na basi lilivyopanda masikio ya Kati yakaziba. Akameza mate, yakazibuka, yakaziba tena. Abiria wa kando yake alimpa pipi anyonye. Dirishani kulikuwa na ukungu, mashamba yaliyopandwa kwenye miteremko mpaka unashangaa mkulima anasimama vipi, na nyumba za mabati zilizoloa. Alifanya mazoezi ya maneno kimoyomoyo: Mlimani, Kati hapa. Akabadilisha: Mlimani, hii ni sauti ya nani? Hilo lilimpendeza. Mtu anaweza kusahau mengi, lakini sauti aliyoisikia kila siku ya ujana wake, hapana. Akiongea tu, mambo yamekwisha. Aliushika mpango huo kwa mikono miwili.

Kituo cha zamani sasa kiliuza magodoro. Muuzaji alimwelekeza bila kuinuka. "Mama wa simu? Shuka hapo, mlango wa bluu, wenye ndoo nje."

Mwanamke kijana alifungua, mikono ina sabuni. Mkwe, Kati alijua mara moja. Mke wa yule aliyefeli hesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mama aliyekuwa opereta?"

"Ndipo. Karibu ndani, kuna baridi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ila mama hasikii. Usione kama anakudharau."

Kati hakuelewa. "Hasikii nini?"

"Hasikii kabisa. Lilianza sikio la kulia, hili la kazi likabaki linavutavuta. Mvua zilizopita ndiyo likafunga. Ungekuja mwaka juzi ungempata vizuri, ukimsogelea tu anakusikia. Alikuwa anakaa hapo na redio sikioni, anaibishia."

Mwaka juzi Kati alikuwa Mpakani, anampiga picha jogoo.

Alishika fremu ya mlango. Alijiona mjinga, mjinga wa mwisho, bibi kizee anayelinda kipande cha nyama wakati sahani imekwishaondolewa mezani. Kama goti lingemruhusu kukimbia angekimbia mpaka stendi. Lakini mkwe alikuwa ameshalivuta begi la zambarau ndani, na mgeni hawezi kukimbia akaacha begi lake ndani.

Kichwani mwake Mlimani alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, nadhifu, mwenye shingo ndefu. Kwenye kiti karibu na dirisha alikaa jitu la mwanamke, mabega ya mchukuzi, mikono mikubwa imelazwa mezani, kikombe kimoja cha chai mbele yake. Aliinua macho. Yalikuwa macho makali, ya mtu ambaye sasa hufanya kazi zote kwa macho. Kati akafungua mdomo, na maneno yote aliyoyafanyia mazoezi kwenye basi yakabaki bila kazi.

Mkwe alichukua ubao mdogo wa chaki, ule wa watoto wa shule, uliokuwa ukikaa kando ya sukari. Akaandika: MGENI. ANASEMA YEYE NI KATI.

Mlimani akasoma. Akamtazama mgeni kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Kati gani?" akauliza kwa nguvu, kama wasemavyo wasiosikia. Na sauti ilikuwa ileile, ule mkwaruzo, ule mwisho wa kicheko. "Kati ninayemjua mimi ni jimama. Akicheka kiti kinalia. Huyu mfupa huyu? Muulize kama anauza dawa ya miguu. Mwambie tunayo."

"Mama!" mkwe akasema, akaona haya, akasahau kwamba sauti yake haisikiki.

Kati akakaa kwenye kiti cha pili. Akachukua chaki. Alitaka kuandika, lakini aandike nini? Mimi ni Kati? Limeshaandikwa na limekataliwa. Amweleze habari za meno ya mtoto, za kabati la seremala, kwenye ubao usiotosha hata salamu? Akapiga moyo konde, akaigeuza chaki kwa mgongo wake, akaigonga juu ya meza ya mbao, karibu na ile mikono mikubwa. Mara tatu.

Mikono ikashtuka.

"Laini zote zina kazi, tafadhali subiri," akasema Mlimani.

Yalimtoka kabla hajajua anasema nini, kwa ile sauti ya serikali, safi, kila neno mahali pake. Mkwe aliacha mdomo wazi. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Mlimani mwenyewe alikaa akiwa ametazama meza. Kisha polepole akainua macho kwa yule mwanamke mwembamba, na macho yale yakajaa maji, na Kati akadhani sasa watakumbatiana. Wala. Mlimani aliondoa mikono yake mezani, akaificha chini ya kanga.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ile. Nilikuuliza ukanyamaza. Nikangoja kwenye laini, nikasema Kati, Kati, mpaka fundi akanivua visikilizio kichwani. Mtu niliyemwambia kila kitu. Ukaninyamazia."

Kati alitikisa kichwa. Alisema hapana, hapana, kwa sauti, ovyo, na sauti haikufika popote. Hapo ndipo alipoelewa kwamba miaka yote aliyokaa akijiuliza neno liliishiaje, kuna mtu alikuwa amekaa upande wa pili akidhani amejibiwa. Na mtu aliyenyamaziwa hafungi safari kumfuata aliyemnyamazia. Akanyoosha kiganja juu ya meza, wazi, akakiacha hapo.

Chai ilipoa kidogo. Mwishowe mkono mmoja ukatoka chini ya kanga, ukalala juu ya meza.

"Ulinisikia?" Mlimani akauliza.

Kati akagonga kwa kidole juu ya mgongo wa mkono ule. Mara mbili. Hapana.

"Laini ilikatwa?"

Mara moja.

"Kwako. Kwako ilikatwa kabla?"

Mara moja.

"Kwa hiyo hata hujui nilikuuliza nini. Umekaa huko mpaka umekonda hivi, na hujui."

Mara moja. Na hapo Mlimani akacheka, kicheko ambacho Kati alikuwa amekisikia maelfu ya mara na hakuwahi kukiona, mabega yote yakicheza, machozi yakimshuka, mkono wa pili ukipiga meza hata kijiko kikaruka. Kati naye akacheka kile kicheko chake, na kiti kikalia. Mlimani hakukisikia, lakini alikiona kiti kinavyoyumba, akamwelekezea kidole, akamtazama mkwewe: unaona? Si nilisema?

Baadaye, walipojifuta macho, Mlimani akauliza, "Mbona hukuja basi?"

Swali hilo halina ndiyo wala hapana. Kati akachukua chaki na kuandika neno moja: NILIOGOPA.

Mlimani akalisoma, akaukokota ubao karibu, akalifuta kwa kiganja chake kikubwa. "Na mimi," alisema. Akatazama dirishani, ambako mvua ilikuwa imeanza, mvua ile ya kwake, ambayo mmoja tu wa wawili wale mezani aliisikia ikigonga bati. Kisha akalaza mikono yote miwili mezani, akaisogeza mpaka ikagusa vidole vya mgeni wake.

"Haya," alisema. "Nakuuliza tena, na leo hakuna mtu mwenye koleo. Hizi simu zikishakufa, wewe utakuja?"

Kati akagonga mara moja.

"Umechelewa," alisema Mlimani, na akamwambia mkwewe alete kikombe cha pili.